Sura ya Nne: Kushoto kwa Nani

Mzee Bendera hakuwa na kitambulisho cha upelelezi. Hakuwa na gari, wala msaidizi, wala ofisi yenye kiti cha kuzunguka. Hakuwa na bastola, na hata angekuwa nayo isingemfaa, maana mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka kila aliponyanyua kitu kizito kuliko kikombe. Hakuwa na simu ya kupiga picha. Hakuwa na miwani ya akiba. Ukutani kwake hakukuwa na cheti ila kimoja, cha shule ya jioni, alichokipata akiwa na miaka arobaini na minne. Na asubuhi hiyo ya Alhamisi, saa mbili kasoro dakika tano, hakuwa na jina la kuandika kwenye taarifa.

Alikuwa na daftari la mistari, penseli mbili zilizochongwa vizuri, na muda mpaka saa tisa alasiri.

Saa tisa ndipo posta walipofunga mfuko wa barua. Katibu wa Klabu ya Reli Ndogo aliishi mji mwingine, na katiba ya klabu ilisema taarifa ya uchunguzi isipelekwe kwa mkono, ila kwa posta, ikiwa imefungwa. Walioandika kifungu hicho walikuwa wanajuana. Jumatatu kamati iliyomtuma achunguze ingekaa kupiga kura juu ya jambo moja tu: Mwalimu afukuzwe na kitufe chake cha watoto king'olewe, au abaki.

Alimkuta Fundi Saa ndani ya ukumbi, amekaa peke yake mbele ya leso nyeupe iliyotandikwa mezani. Fundi Saa alikuwa mwenyekiti wa klabu, mtu mfupi, mtengenezaji wa saa, mwenye kioo cha kukuzia kilichofungwa kwenye paji la uso kama jicho la tatu. Juu ya leso alilala Bi Mdogo. Hilo ndilo jina la kichwa chake cha treni, cha shaba, urefu wa kiganja na nusu. Bomba la moshi lilikuwa limekatika. Magurudumu mawili ya mbele yalitazama pande tofauti.

"Miaka mitatu," alisema Fundi Saa. "Gurudumu moja moja, kwa tupa."

"Alianguka saa ngapi?"

"Saa tano na dakika kumi na mbili."

"Na sekunde?"

Fundi Saa hakucheka. "Arobaini."

Mzee Bendera akaandika. "Haya, nieleze Jumamosi ilivyokuwa."

"Kuna nini cha kueleza? Tulifungua maonyesho saa nne. Watu wakaja na familia zao. Mwalimu kaweka kitufe chake pale mbele, mtoto anabonyeza, treni inazunguka mara moja, mtoto mwingine anashika zamu. Eti watoto wapende reli." Alitamka neno wapende kama mtu aliyeng'ata mchanga. "Foleni yake ilifika mlangoni. Mimi nilikuwa upande huu naeleza namna ya kuchonga magurudumu. Walinisikiliza wazee watatu, na mmoja wao alikuwa anangoja nimalize aniulize choo kiko wapi. Basi mtoto kabonyeza, treni kaenda, kaanguka. Mzee wangu, unatafuta nini zaidi?"

"Kitufe kinafanya kazi gani?"

"Kinampa kichwa umeme. Anakwenda."

"Kinageuza njia?"

Fundi Saa alikishusha kioo kutoka kwenye paji la uso, akakifuta, akakirudisha. "Hakigeuzi," alisema.

Mzee Bendera alivuka kamba ya wageni, akaizunguka reli polepole. Miaka thelathini na mmoja alikuwa mtu wa reli kubwa, katika kibanda cha ishara, akivuta vipini vya kugeuza njia za treni za kweli zenye abiria mia nne, na hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kupanga foleni kumtazama. Jambo hilo hakuliandika kwenye daftari.

Reli ilikaa juu ya meza sita zilizounganishwa. Mbele kulikuwa na stesheni upande mmoja, handaki upande wa pili, daraja katikati, na nyuma ya vyote hivyo milima mitatu. Nyuma ya milima ulisimama ubao mrefu uliopakwa rangi ya mbingu. Waendeshaji hukaa nyuma ya ubao huo, wasionekane, wakichungulia kwenye matundu mawili, ila Jumamosi kitufe kilishika kazi yao. Huko nyuma mambo yalikuwa mengine kabisa: mbao tupu, nyaya na misumari. Kwenye kibao kidogo palikuwa na vipini viwili vyeusi vilivyofanana kama mapacha.

"Hivi ni vya nini?"

"Kila kimoja kinageuza ulimi mmoja wa reli. Ulimi wa upande wa stesheni ukigeuka, treni inaacha njia kuu, inaingia bandani nyuma ya mlima wa tatu. Inakaa humo, haionekani, haidhuriki. Ulimi wa upande wa handaki ukigeuka, inashika njia ya machimbo."

"Na njia ya machimbo inaishia wapi?"

Fundi Saa alionyesha kwa kidevu. Njia ya machimbo ilikwenda hadi ukingoni mwa meza ya sita, ikakatika. Chini yake palikuwa na sakafu ya saruji. Meza ya saba ilibaki nyumbani kwake kwa sababu ilikataa kupita mlangoni.

"Kwa hiyo aliyevuta kipini cha handaki alimtupa Bi Mdogo chini," alisema Mzee Bendera. "Ulikikuta kipi kimevutwa?"

"Hiki." Kilikuwa cha kushoto, kwa mtu aliyesimama pale nyuma.

"Mbona havina maandishi?"

"Anayehitaji maandishi hana kazi navyo."

Kando ya vipini, kwenye ubao, palikuwa na duara la kahawia lililokauka, upana wa kikombe. Mzee Bendera aliliinamia, akalinusa. Chai ya maziwa. Akaweka alama kwenye daftari, kisha akaulizia jikoni.

Kijichumba cha chai cha ukumbi kilikuwa na sinki moja na mama mmoja. Alikuwa mke wa Fundi Saa, na klabu nzima ilimwita Bi Mkubwa. Alikuwa anasuuza chupa za chai, hakugeuka.

"Alama ya kikombe ni yangu," alisema kabla hajaulizwa. "Chai ni yangu. Na wivu ni wangu pia, kama umetumwa kuuliza hilo. Uliza upesi, nina nguo za kuanua."

"Shikamoo kwanza haipo?"

"Shikamoo utaipata wapi, sisi rika moja?" Sasa aligeuka, na alikuwa anacheka. "Kaa, Mzee Bendera. Kiti hicho kina mguu mbovu, jihadhari."

Akakaa kwa kujihadhari. "Kwa nini wanakuita Bi Mkubwa?"

"Si kwa sababu ya yule mwenzangu wa shaba? Siku alipomaliza kumtengeneza alimweka mezani, akazima taa zote, akawasha moja. Nikamwambia, mume wangu, mimi hukuniwashia hata kibiriti. Wenzake wakasikia, jina likashika."

"Ulikuwa nyuma ya ubao alipoanguka."

"Nilikuwa."

"Peke yako?"

"Peke yangu na chupa." Alikung'uta kikombe juu ya sinki. "Sasa nikuulize mimi. Nikae naye nyumba moja miaka mitatu, usiku na mchana, nyundo iko mkononi, nisimguse, halafu nije nimvunje mbele ya watoto wa watu? Wivu wangu mimi una akili kidogo."

Yalikuwa majibu mazuri, na Mzee Bendera hakuyapenda. Majibu mazuri mno yanatoka kwa mtu aliyeyafanyia mazoezi. Alichana karatasi kwenye daftari akamwekea mbele pamoja na penseli.

"Nichoree reli."

"Nichore? Mimi?"

"Vyovyote. Bila kwenda kutazama." Ndivyo walivyofanya katika reli kubwa kila baada ya ajali: kila mtu alipewa karatasi kabla hajazungumza na mwenzake, achore alivyokumbuka. Mchoro ulionyesha mtu alikuwa amesimama wapi, hata kama mdomo ulisema kwingine.

Bi Mkubwa alichora akiwa ameuma ulimi. Alichora mbao. Alichora nyaya, nyingi, kwa subira. Alichora mgongo wa mwanamume aliyeinama. Handaki aliliweka kushoto, stesheni kulia, zote kama matundu tu.

"Milima iko wapi?"

"Milima sijui. Sebuleni kwetu meza zimebanwa, mimi natokea jikoni, kwa nyuma. Miaka kumi na mmoja naona mgongo wa mbingu." Alimrudishia penseli. "Na Jumamosi nilikaa nyuma kumimina chai. Nani aliniita mbele?"

Alipotoka, Mzee Bendera alimpa Fundi Saa karatasi nyingine. Fundi Saa alichora kwa dakika moja na nusu, kwa mistari iliyonyooka kama ya rula: reli, ndimi mbili, daraja, kila kiungo mahali pake. Handaki kushoto, stesheni kulia. Hakuchora mti hata mmoja.

Saa nne na nusu, wakati wa mapumziko, Mzee Bendera alikuwa amekaa kwenye dawati la darasa la pili, magoti yamegonga mbao. Mwalimu alikuwa mwanamke mrefu wa miaka thelathini na kitu, mwenye chaki kwenye nywele. Alikuwa anasahihisha madaftari huku anajibu.

"Wameshaamua, mzee. Wewe umeletwa upige muhuri."

"Muhuri sina."

"Wanasema nimeharibu heshima ya reli. Kwamba vidole vya watoto ni vya ubuyu. Yupo mmoja aliniambia mtoto aje akishafikisha miaka kumi na minane." Alifunga daftari, akafungua lingine. "Wanaona wivu wa foleni, basi. Ningekuwa na foleni ya watu watatu wangenipenda."

"Jumamosi ulipita nyuma ya ubao?"

"Nilipita. Waya wa kitufe ulikuwa umelegea. Nilipita saa tano kasoro, nikaukaza, nikarudi. Saa tano kamili nikaanza kuita zamu."

"Nichoree reli."

Mwalimu alichora haraka, kama anayechora ubaoni. Chini ya karatasi aliweka vichwa vya watoto, safu nzima, vingine na vishungi. Juu yao stesheni, daraja na handaki. Mzee Bendera aliweka mchoro huo kando ya ile miwili ya asubuhi.

"Umegeuza," alisema. "Stesheni umeiweka kushoto."

"Sijageuza. Mimi nasimama na watoto."

Mzee Bendera alivua miwani. Akaivaa tena. Katika kibanda chake cha ishara, neno kushoto lilikuwa marufuku, na aliyelitamka kwenye simu ya kazi aliandikiwa onyo. Dereva anayekuja na mlinzi wa behewa la mwisho anayetazama nyuma wana kushoto mbili, na mtu wa kibandani ana ya tatu. Kwa hiyo walisema upande wa kwenda na upande wa kurudi, basi. Klabu ya Reli Ndogo haikuwa na sheria hiyo. Klabu ilikuwa na vipini viwili vilivyofanana, bila herufi.

Kwa mara ya kwanza siku hiyo aliiona njia ya jambo lenyewe. Hakuna aliyetaka Bi Mdogo aanguke. Mtu alitaka aingie bandani, akajifiche nyuma ya mlima. Mtu huyo aliijua reli kwa mbele, ambako stesheni iko kushoto. Akaenda nyuma, akavuta kipini cha kushoto, na kule nyuma kushoto ni handaki. Fundi Saa asingekosea hivyo. Bi Mkubwa, mwenye miaka kumi na mmoja ya kutazama nyaya, asingekosea pia.

Aliyeijua reli kwa mbele alikuwa ameketi mbele yake na chaki kwenye nywele. Na alikuwa amekiri kwamba alipita nyuma.

"Mbona unanitazama hivyo?" aliuliza Mwalimu.

"Ulisema uliita zamu. Uliziita kwa kichwa, au uliandika?"

"Mimi ni mwalimu, mzee." Alifungua mtoto wa meza, akatoa karatasi yenye mistari. Majina ya watoto yalishuka moja chini ya lingine, na pembeni alama ya vema. "Kila mmoja mzunguko mmoja. Dakika mbili, na kubadilishana. Watano walimaliza salama. Wa sita ndiye aliyekuwa na zamu Bi Mdogo alipoanguka."

"Katikati ya wa tano na wa sita ulitoka?"

"Nitatoka vipi? Nawashika mabega wasipande mezani. Waulize wazazi, walikuwa wamenizunguka kama arobaini."

Basi ulimi ulikuwa sawa kwa watoto watano baada ya Mwalimu kutoka nyuma. Uligeuzwa baada ya wa tano kumaliza, ndani ya dakika mbili, wakati Mwalimu ameshika mabega ya watu. Mzee Bendera alipumua kwa pua.

"Huyo wa sita ni nani?"

Mwalimu aliweka kalamu chini. "Ni msichana wangu wa hapa, wa dawati hilo ulilokalia. Hajaja shule tangu Jumatatu. Mama yake anasema amejifungia, anasema ameua treni. Nimekwenda mara mbili. Nimwambie nini? Nimwambie si wewe, wakati klabu yenyewe inasema ni kitufe?"

Mzee Bendera alitoka kwenye dawati kwa shida, akalitazama kidogo, kisha akakirudisha kiti cha jirani mahali pake ingawa hakuwa amekigusa.

Alibaki na swali moja: nani mwingine aliijua reli kwa mbele, na alikuwa nyuma katika dakika mbili hizo? Bi Mkubwa alisema alikuwa peke yake na chupa. Bi Mkubwa alikuwa amejibu upesi mno. Nani humfichia nani? Mume hakuwa na haja ya kufichiwa. Mzee Bendera alikumbuka ubao wa mbingu, na kwamba kwenye ukingo wake, usiofikika ila kutokea nyuma, karibu na tundu la kuchungulia, rangi ya buluu ilikuwa mpya kuliko kwingine, upana wa kiganja. Mtu alikuwa ameipaka juzi juzi.

Duka la mchora mabango lilikuwa mtaa wa tatu kutoka shuleni. Ndani lilinuka rangi ya mafuta, na ukutani yalisimama mabango yaliyosubiri wenyewe: kinyozi, daktari wa meno, banda la kuku. Mchora mabango alikuwa mdogo wake Bi Mkubwa. Milima yote mitatu ya reli ilikuwa kazi ya mikono yake, pamoja na nyumba, miti, na mbingu yenyewe. Klabu nzima ilimwita Shemeji, hata watu ambao hawakuoa kwao.

Bi Mkubwa alikuwa ameshafika. Alikaa kwenye kopo la rangi, mkoba magotini, na hakuonekana kushangaa.

"Nguo umeshazianua?" aliuliza Mzee Bendera.

"Zimekauka zenyewe."

Mzee Bendera aliweka karatasi na penseli juu ya kaunta. Shemeji, mtu mnene wa sauti ndogo, alizitazama kama mtu aliyewekewa chakula asichokiagiza.

"Nichoree reli," alisema Mzee Bendera.

"Usichore," alisema Bi Mkubwa.

"Dada, ni mchoro tu."

Alichora, na ilikuwa raha kumtazama. Mkono wake ulipita mara moja, mlima ukasimama. Mara ya pili, ukapata kivuli. Aliweka miti kwenye mteremko, akaweka nyumba yenye kamba ya nguo na nguo tatu zinazopepea. Kushoto paa la stesheni, lenye vigae vilivyokosekana viwili. Kulia mdomo wa handaki na majani yanayoning'inia. Alipomaliza aliisogeza karatasi kidogo, akaitazama kwa jicho moja.

"Reli iko wapi?" aliuliza Mzee Bendera.

Shemeji alitazama. Alitazama tena, penseli hewani. Hakukuwa na reli. Kati ya stesheni na handaki palikuwa na nyasi.

"Nimeisahau," alisema.

Bi Mkubwa alifumba macho.

"Jumamosi, saa tano na dakika kumi hivi, ulikwenda nyuma ya ubao," alisema Mzee Bendera. "Ulikuwa na brashi na rangi ya buluu. Dada yako alikuwepo, anamimina chai."

"Alikuja kuziba mkwaruzo," alisema Bi Mkubwa. "Dakika moja."

"Asubuhi ulikuwa peke yako na chupa, mama."

"Asubuhi nilikuwa dada yake. Sasa pia." Alisimama, mkoba ukamwanguka, hakuuokota. "Sikiliza. Andika ni mimi. Kila mtu amekwisha kusema ni mimi, wanasema kwa mzaha, watacheka, yataisha. Mwalimu atabaki na kitufe chake. Huyu atabaki na klabu yake, hana kingine. Mimi nina nini cha kufukuzwa? Nyuma ya ubao?"

"Nina mchoro wako," alisema Mzee Bendera. "Wewe hungekosea kipini."

"Nani anajua habari za michoro yako?"

"Mimi."

Nje mtu alikuwa anabishana na mwenye baiskeli. Shemeji aliweka penseli chini, sambamba na ukingo wa kaunta.

"Nilitaka aingie bandani," alisema. "Dakika kumi tu."

"Kwa nini?"

"Mlima wa tatu una miti elfu moja na mia mbili. Nimeifunga mmoja mmoja kwa uzi. Jumamosi nilisimama mbele na wageni tangu tunafungua. Mtoto anakuja, anatazama treni. Treni inapita mbele ya mlima, shingo inakwenda na treni. Inaingia handakini, wanangoja handaki. Baba zao hivyo hivyo. Bango la mlangoni linasema Reli ya Fundi Saa, nimelichora mimi mwenyewe, kwa mkono huu. Nikasema, huyu Bi Mdogo akikaa bandani dakika kumi, watatazama wapi? Hawatakuwa na kitu cha kutazama ila milima."

"Ukavuta kipini cha kushoto."

"Stesheni iko kushoto."

"Kwa anayetazama."

Shemeji aliinua mkono wa kushoto, akaunyosha kuelekea ukutani, kwenye bango la kinyozi. Kisha, polepole, aligeuka na mwili wote, kama mtu anayezunguka ubao, mpaka akawa ameipa kaunta mgongo. Mkono ulikuwa bado umenyooka. Sasa ulielekea banda la kuku. Aliutazama muda mrefu kabla hajaushusha.

"Nilidhani watasema kitufe kimekwama," alisema bila kugeuka. "Kukwama tu."

"Hawakusema kimekwama. Walisema Mwalimu kavunja. Ukanyamaza Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano."

"Ndiyo."

"Yuko mtoto wa miaka saba hajakwenda shule wiki nzima. Anasema ameua treni."

Hapo Shemeji alikaa. Hapakuwa na kiti, alikaa sakafuni, kati ya makopo. Bi Mkubwa alimwekea mkono kichwani, na hakusema tena aandikwe yeye.

Mzee Bendera aliandika taarifa pale pale juu ya kaunta, kwa mwandiko wa shule ya jioni, herufi zimesimama wima. Aliandika saa. Aliandika zamu za watoto watano. Aliambatisha michoro minne. Alipofika mahali pa jina alisimama.

"Nitaandika mchora mabango," alisema, "shemeji wa mwenyekiti. Watakujua."

"Hapana," alisema mtu wa sakafuni. Ilikuwa mara ya kwanza sauti yake kupanda. "Miaka tisa niko klabuni, hakuna karatasi yenye jina langu. Hata kwenye orodha ya wanachama nimeandikwa Shemeji, ubavuni mwa Fundi Saa. Ukiniandika, niandike mimi."

Alilitaja, na la baba, na la babu. Mzee Bendera aliyaandika yote matatu, akamsomea, na alipokosea herufi moja alifuta na kuandika upya.

Posta palikuwa na watu sita kwenye mstari. Saa ya ukutani ilionyesha tisa kasoro dakika kumi na moja. Mzee Bendera alikuwa wa tatu, bahasha mkononi, bado wazi kwa sababu alitaka kuyasoma yale majina mara moja zaidi, Fundi Saa alipoingia. Alikuwa amekimbia. Kioo cha kukuzia kilikuwa bado kwenye paji la uso, na wanawake wawili walimpisha kwa kumwogopa.

"Mke wangu amenipigia," alisema kwa sauti ya chini. "Usitume."

"Bado watu wawili mbele yangu."

"Yule ni mdogo wa mke wangu. Unajua Jumatatu watamfanya nini? Unajua Jumanne mimi nitakula wapi?"

"Jikoni kwako. Ukipita kwa nyuma utamkuta."

Fundi Saa alimsogelea sikioni. Mstari ukasogea. "Mzee wangu, klabu ina nafasi moja. Tangu mwaka jana. Mtu aliyefanya kazi reli kubwa ingempasa kuwa mwanachama, nimesema siku nyingi. Naweza kukupendekeza Jumatatu hiyo hiyo. Andika waya ulishika vibaya. Usimtaje mtu."

Mzee Bendera aliwahi kusimama nje ya dirisha la ukumbi ule mara tatu, katika miaka mitatu tofauti, akitazama ndani kwa namna ambayo asingependa kuonwa. Alijibu baada ya mtu wa mbele kumaliza kununua stempu.

"Waya haukushika vibaya."

"Umeniandika na mimi humo?"

"Ukurasa wa pili. Vipini viwili, hakuna hata herufi moja."

Fundi Saa alitazama bahasha, akatazama saa ya ukutani, na kwa mazoea akailinganisha na ya mkononi mwake. Ya ukutani ilikuwa nyuma kwa nusu dakika. Alipozungumza tena hakumtaja shemeji yake.

"Mwalimu je?"

"Hana kosa lolote. Nimeandika hivyo."

"Kwa hiyo maonyesho yajayo atarudi."

"Atarudi."

"Na kitufe."

"Na kitufe."

"Na foleni yake," alisema Fundi Saa, na ndipo macho yake, yale mawili ya kweli, yalipoingiwa na wivu.

"Na foleni yake."

Karani alikuwa anangoja, kiganja wazi. Mzee Bendera aliikunja michoro minne pamoja na taarifa, akaisukuma ndani, akalamba ukingo wa bahasha, na kuukandamiza kwa kidole gumba kutoka pembe hadi pembe, taratibu. Kisha akaipitisha chini ya kioo. Karani aligonga muhuri mara mbili, akaitupa mfukoni pamoja na nyingine, na kuukaza mfuko kwa kamba.